Usukani Unapotetemeka

Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kenya, mtu aliye Kaaga, Meru, huisikia ndege ndogo kabla ya kuiona. Nyingine huelekea uwanja wa Isiolo, ulio mpakani mwa kaunti za Meru na Isiolo. Nyingine hubeba watalii kwenda Mbuga ya Taifa ya Meru, ambako uwanja ni ukanda wa ardhi uliosawazishwa nyikani. Kutoka chini ndege hizo huonekana hazina haraka wala wasiwasi. Rubani aliye ndani ana hesabu zake. Mji wa Meru umekaa katika mwinuko unaokaribiana na ule wa uwanja wa JKIA jijini Nairobi, mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hewa ya Mombasa. Jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linakosa hewa ya kutosha ya kuegemea, na ndege inabidi ikimbie zaidi ardhini kabla ya kuinuka.

Hesabu hizo zote zina hofu moja nyuma yake: kupoteza mnyanyuko.

Abiria wa matatu ya Maua aliyewahi kutoa kiganja dirishani ameshalijaribu jambo lenyewe. (Makanga akimwona atamkemea, na atakuwa na haki.) Kiganja kikilala sawasawa na upepo, hakuna linalotokea. Upande wa kidole gumba ukiinuliwa kidogo, upepo unakipandisha. Ukiinuliwa zaidi, kinapanda zaidi. Lakini ipo pembe ambayo kiganja kikiipita hakipandi tena. Kinasukumwa nyuma tu huku kikitetemeka. Bawa la ndege ni vivyo hivyo. Hewa inayopita juu yake inalifuata umbo lake kwa utulivu mpaka pembe kati ya bawa na upepo ifike kama nyuzi 15 hivi, kutegemea umbo la bawa. Hapo hewa inabanduka, inaanza kuzungukazunguka ovyo, na ile nguvu iliyokuwa ikiibeba ndege inaporomoka. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa wakati huo.

Watu wengi hudhani tatizo ni mwendo mdogo. Mwendo mdogo ni njia moja tu ya kulifikia. Kinachoamua ni pembe, na pembe hiyo inaweza kupitwa kwa kasi yoyote. Ndege iliyosheheni magunia ya miraa pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Mogadishu huifikia hatari kwa kasi ambayo ingeruka bila shida kama ingekuwa tupu. Ndege inayopiga kona kali huifikia mapema zaidi: ikilala nyuzi 60 bila kushuka, bawa linabeba uzito mara mbili, na kasi ya kupoteza mnyanyuko hupanda kwa asilimia 41. Ndiyo maana walimu wa urubani huwa wakali mno mwanafunzi anapokata kona ya mwisho kabla ya kutua, akiwa chini, mwendo umepungua na macho yake yako kwenye njia ya kutulia.

Ndege yenyewe ina namna yake ya kuonya. Hewa iliyobanduka juu ya bawa huupiga mkia, na mwili mzima hutetemeka. Marubani wa zamani walilisikia tetemeko hilo kwenye makalio yao na wakajifunza kuliheshimu. Tabu ni kwamba kwenye ndege nyingine huja kwa kuchelewa, na kwenye nyingine haliji kabisa.

Mmarekani Leonard Greene aliitafutia tabu hiyo dawa. Mwaka 1946 alianzisha kampuni ya Safe Flight kuuza kifaa kidogo mno: ulimi wa chuma uliochomoza kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Bawa linapoinuka dhidi ya upepo, mahali hewa inapogawanyika, nusu juu na nusu chini, husogea kuelekea upande wa chini. Ikisogea vya kutosha, upepo unaupiga ulimi kutoka chini, unauinua, swichi inajifunga na honi inalia. Kifaa hakipimi mwendo hata kidogo. Kinapima kile hasa kinachoua, yaani pembe. Ndege za Cessna Caravan zinazotua kwenye viwanja vya vumbi kaskazini mwa Kenya zina ulimi wa namna hiyo kwenye bawa la kushoto hadi leo.

Cessna 172, inayofundishia marubani duniani kote na pale Wilson pia, ina mtindo ambao ni rahisi zaidi. Kwenye ukingo wa bawa lake la kushoto kuna tundu. Pembe ikikaribia ukomo, hewa nje ya tundu huanza kufyonza badala ya kusukuma. Hewa inavutwa kupitia kijipembe chenye utepe mwembamba, nacho kinalia kama zumari, kilomita kadhaa kwa saa kabla ya mnyanyuko kupotea. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Kabla ya kuruka, mwanafunzi huweka leso kwenye tundu, huweka mdomo, na kufyonza. Kikilia, kifaa ni kizima. Kwa mtu anayepita nje ya ua wa uwanja, anayeibusu ndege ya watu asubuhi na mapema huonekana amerukwa na akili.

Ndege kubwa za abiria zilihitaji zaidi ya honi. Pembeni mwa pua zao kuna vibao vidogo vinavyozunguka kuufuata upepo kama jogoo wa juu ya mnara, kimoja kushoto na kingine kulia kwa uchache. Vibao hupeleka pembe kwa kompyuta, na kompyuta ikiona hatari inawasha mota yenye uzito ulioegemea upande mmoja, iliyofungwa kwenye usukani. Usukani unatetemeka mikononi mwa rubani kwa kishindo na kelele. Kwa hakika ni kuliiga lile tetemeko la zamani, safari hii kwa umeme, na kulileta mapema.

Hata hilo halikutosha kwa ndege zote. Tarehe 22 Oktoba 1963 ndege ya majaribio aina ya BAC One-Eleven ilianguka Wiltshire, Uingereza, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Mkia wake wa mlalo ulikuwa juu kabisa, na bawa lilipopoteza mnyanyuko, hewa iliyovurugika iliufunika mkia huo. Usukani haukuwa na kazi tena. Tangu hapo ndege za umbo hilo zikawekewa mtambo unaousukuma usukani mbele wenyewe iwapo rubani hatafanya hivyo. Wazo hilo, la mashine kumnyang'anya rubani uamuzi kwa sekunde chache, lilipokelewa kama ushindi. Litarudi baadaye katika sura hii kwa sura nyingine.

Mnamo tarehe 20 Novemba 1974, asubuhi, Boeing 747 ya Lufthansa iliyotoka Frankfurt ilijiandaa kuondoka Nairobi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Ndege ya aina hiyo ina vibawa vinavyofunguka kwenye ukingo wa mbele wa bawa ili liweze kustahimili pembe kubwa wakati wa kuruka. Vibawa hivyo husukumwa na hewa ya moto kutoka kwenye injini, na asubuhi hiyo mfumo wa hewa hiyo haukuwa umefunguliwa. Vile vya nyuma, ambavyo havitegemei hewa hiyo, vilifunguka kama kawaida. Hakuna kengele iliyolia ndani ya chumba cha marubani kuwaambia kwamba vya mbele vilikuwa bado vimelala.

Ndege ilinyanyuka ikiwa tayari nusu imepoteza mnyanyuko. Marubani walisikia tetemeko. Wakadhani ni magurudumu yanayozunguka bila kulingana, wakayakunja. Mwendo haukuongezeka. Wakashusha pua ili kuulinda mwendo uliokuwepo, na ndege ikaendelea kushuka hadi ikagusa ardhi mita 1,120 baada ya mwisho wa njia ya kurukia, ikagonga barabara iliyoinuka, ikavunjika na kuwaka. Watu 59 walikufa na 98 wakaokoka. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu, na ilitokea kwenye nyasi za Embakasi, Nairobi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyovunjika 1977, ndiyo iliyofanya uchunguzi. Ripoti yake haikuwaacha wafanyakazi wa ndege: hawakuikamilisha ipasavyo orodha yao ya ukaguzi. Lakini ilisema pia kwamba hawakupata muda wa kuitambua hali ile, na ikataja ukosefu wa onyo kuhusu vibawa vya mbele kuwa mchango mkubwa. Hapo panastahili kutuliwa kidogo. Tetemeko lililokuwa likiwaambia ukweli walilisikia; walilipa maana nyingine. Boeing baadaye iliongeza onyo la kuwajulisha marubani kabla ya kuruka kwamba hewa ya kusukuma vibawa haijafunguliwa.

Miaka 25 na zaidi ikapita, na msiba ukaja kwa upande wa pili.

Airbus A310 ya Kenya Airways, yenye usajili 5Y-BEN, ilitoka Nairobi ikikusudia kutua Lagos kwanza. Vumbi la harmattan likaizuia, ikaenda moja kwa moja hadi Abidjan, Ivory Coast. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, saa tatu na dakika nane, ikaondoka Abidjan kuelekea Lagos ikiwa na watu 179, wengi wao Wanigeria. Njia ya kurukia ilielekea baharini. Mbele ya kioo hapakuwa na taa, wala mstari wa upeo, wala mwezi wa kutegemewa. Palikuwa na weusi mtupu.

Sekunde chache baada ya magurudumu kuiacha ardhi, mtambo wa onyo ukaanza. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege. Alifanya alichofunzwa kila rubani tangu siku ya kwanza: alisukuma usukani mbele ili kuipunguza pembe. Lakini ndege haikuwa imepoteza mnyanyuko. Onyo lilikuwa la uongo. Ndege nzima, iliyokuwa ikipanda vizuri, ikageuzwa kuelekea majini na mtu aliyedhani anaiokoa.

Sauti ya kipima kimo ilianza kutaja futi zikipungua. Rubani msaidizi aliuliza kinachoendelea, akataka kelele ya onyo inyamazishwe. Kuna jambo moja katika ripoti ya uchunguzi ambalo mwandishi wa sura hii huona ni gumu kulisoma bila kukunja uso. Ndege ile ilikuwa na mtambo mwingine, unaomkemea rubani kwamba ardhi iko karibu na apandishe ndege. Mtambo huo ulikuwa na la kusema. Ila kanuni za kupanga maonyo zililipa kipaumbele onyo la kupoteza mnyanyuko na lile la mwendo kupita kiasi, kwa hiyo onyo la kweli likafunikwa na onyo la uongo. Nahodha aliamuru ndege ipandishwe, amri ikafika pamoja na maji. Chini ya nusu dakika ilikuwa imepita tangu onyo lianze. Watu 169 walikufa, 10 wakapona. Kenya Airways, iliyoanza 1977, haikuwa imewahi kumpoteza abiria katika ajali kabla ya usiku huo.

Ni rahisi kumlaumu yule rubani msaidizi. Mtu anayetaka kufanya hivyo aitazame kwanza ajali ya Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009. Huko usukani ulitetemeka kwa haki, nahodha akauvuta kwake badala ya kuusukuma, ukajisukuma wenyewe naye akazidi kuuvuta, na watu 50 wakafa. Abidjan mtu alitii. Buffalo mtu alikaidi. Kwa hiyo agizo la kutii onyo daima halitoshi, na la kulitilia shaka daima ni baya zaidi. Swali la haki ni hili: ndani ya sekunde tatu au nne, rubani ana nini kingine cha kumwambia iwapo onyo linasema kweli?

Jibu lipo, na si la miujiza. Anayo pembe ya pua dhidi ya upeo, anayo nguvu ya injini, anao mwendo, anayo saa ya kimo. Ndege yenye injini zilizofunguliwa hadi mwisho, pua iliyoinuka kiasi cha kawaida, mwendo unaotakiwa na kimo kinachopanda, ni vigumu iwe imepoteza mnyanyuko. Kuvitazama vyote hivyo huku usukani ukirukaruka mikononi, usiku, ni kazi ya mtu aliyewahi kufanya hivyo kabla.

Mwaka huohuo wa Buffalo, tarehe 1 Juni, Airbus A330 ya Air France ilitumbukia katika Atlantiki na watu 228. Sauti ya kompyuta ilitamka onyo la kupoteza mnyanyuko zaidi ya mara 70. Humo mlikuwa na mtego wa ajabu: mwendo uliopimwa ukishuka chini ya kilomita 111 kwa saa, kompyuta iliona takwimu za pembe hazina maana na ikanyamaza. Kila rubani aliposhusha pua, yaani alipofanya jambo sahihi, mwendo ulipanda kidogo na onyo likaanza upya. Alipovuta, likanyamaza. Mtambo ulikuwa, bila kukusudia, ukimzawadia kosa.

Kisha ikaja ajali ya Bishoftu, Ethiopia.

Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliruka Addis Ababa saa mbili na dakika 38 asubuhi kuja Nairobi. Ilikuwa na watu 157, idadi ileile ya Lufthansa ya 1974, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mara tu baada ya kuruka, kibao cha pembe cha upande wa kushoto kilianza kutoa takwimu ya nyuzi 74.5, ilhali cha kulia kikisoma kama 15. Nyuzi 74 ni pembe ambayo hakuna ndege ya abiria inayoweza kuruka nayo. Mtoto wa shule angeikataa. Kompyuta haikuikataa. Usukani wa nahodha ukaanza kutetemeka, na ukaendelea kutetemeka karibu hadi mwisho wa safari hiyo ya dakika sita.

Hapo ndipo lile wazo la 1963 lilipojitokeza tena. MAX ilikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyoshusha pua yenyewe pindi ilipoona pembe imezidi, nayo ilikitegemea kibao kimoja tu. Kibao kikadanganya, programu ikaamini, pua ikasukumwa chini. Marubani walikata umeme wa mkia kama walivyoelekezwa baada ya ajali ya Lion Air nchini Indonesia iliyoua watu 189 tarehe 29 Oktoba 2018. Lakini injini zilikuwa bado kwenye nguvu ya kurukia, mwendo ukawa mkubwa mno, na gurudumu la kuurekebisha mkia kwa mkono halikuzungushika. Umeme uliporudishwa, programu ikashusha pua tena. Ndani ya chumba kimoja, usukani ulitetemeka kusema ndege inakaribia kupoteza mnyanyuko, huku kengele nyingine ikigonga kusema inakimbia kuliko inavyoruhusiwa. Wote 157 walikufa.

Onyo lolote la pembe lina mipaka mingine, na ni haki kuitaja. Halijui mlima. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliigonga Point Lenana, juu ya Mlima Kenya, na watu wote 14 wakafa; vibao vya pembe havina habari ya mwamba ulio mbele. Wala halijui barafu iliyoganda juu ya bawa na kulibadilisha umbo, isipokuwa mtambo umeandaliwa mahsusi kwa hali hiyo.

Baada ya Bishoftu, MAX zilizuiwa kuruka duniani kote, na Marekani ikaziruhusu tena tarehe 18 Novemba 2020. MCAS sasa inalinganisha vibao viwili, na vikipingana inajiondoa. Kanada ilikwenda mbali zaidi: ilitaka marubani waruhusiwe kuuzima mtetemo wa uongo, na fyuzi zake ziwekewe vifuniko vya rangi ili mkono uzipate haraka. Mwishoni mwa 2022 sheria ya Marekani ikaagiza kwamba MAX zote, hata zilizokwisha kuingia kazini, hatimaye ziwe na njia ya kuzima mtetemo huo na chanzo bora cha kupima pembe.

Mabadiliko hayo ni mazuri, nayo yamekuja kwa kuchelewa. Lakini yasichukuliwe kuwa yangewaokoa wa Abidjan. Wale hawakuwa na muda wa kutafuta swichi, iwe na rangi au isiwe nayo. Walihitaji rubani aliyekwisha kulisikia onyo la uongo ndani ya simuleta, mara baada ya kuruka, taa zikiwa zimezimwa, mwalimu akiwa amenyamaza. Zoezi hilo halidai teknolojia mpya. Wanaosimamia leseni za marubani Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Addis Ababa wanaweza kulidai kwa kila rubani anayerudi kupimwa, na abiria ana haki ya kuuliza kama wanalidai.